Kumbukumbu za michezo Arusha: maswali mnayotuuliza kila siku

Tangu tuanze kupita mitaani kuomba picha za zamani za michezo, maswali tunayokutana nayo ni yaleyale, uwe Kaloleni uwe Njiro, kwa hiyo tumeona tuyaweke hapa pamoja na majibu. Jibu likiwa refu ujue ni jambo linalotuuma, vumilia usome mpaka chini.

Mnakusanya nini hasa?

Chochote kinachoonyesha watu wa Arusha walivyocheza. Picha ya timu ya mtaa, jezi, medali, kombe hata kama mkono umepinda, tiketi, kadi ya uanachama, daftari la katibu wa klabu, barua ya kuitwa kambini, njumu, kanda ya video. Na sauti, yaani mzee akikaa akaeleza ilikuwaje, hiyo kwetu inazidi kombe. Hatubebi kitu chako. Tunapiga picha au tunaskani hapohapo kwako, mali inabaki ndani, sisi tunaondoka na kopi na majina.

Mbona mnasisitiza sana majina? Si picha inatosha?

Haitoshi kabisa. Hii kazi yote ilianza kwa sababu ya majina. Baba yangu mdogo alikuwa winga wa kulia enzi zake, alipofariki tukafungua sanduku lake tukakuta picha ya timu, watu kumi na nane, wengine wamesimama wengine wamechuchumaa, nyuma unauona Mlima Meru vizuri kabisa hauna wingu. Tuliwajua wawili tu, yeye na kipa. Basi tukaanza kuzunguka na ile picha, Ngarenaro, Levolosi, Unga Limited, Sombetini, kila tukipata jina moja tunapewa njia ya kwenda kwa mwingine, mpaka tukafika watu kumi na moja. Tukaambiwa kuna mzee Kijenge anawajua wote mpaka na reserve, alikuwa ndo mtunza vifaa wao. Tukafika kwake tukakuta turubai bado limefungwa uani, amezikwa siku nne nyuma. Wale saba waliobaki mpaka leo hatuwajui. Wanatuangalia tu kwenye picha, vijana wenye nguvu zao, mmoja ameshika mpira, na hakuna mtu wa kutuambia alikuwa mtoto wa nani.

Kwa hiyo kama una picha leo na mama au babu yako yupo hai, nenda kamkalie karibu umuulize mmoja baada ya mwingine kutoka kushoto, uandike.

Kwani Arusha ina historia gani ya michezo? Mi najua Simba na Yanga tu.

Hili tunaulizwa na vijana wengi na hatuwalaumu mana hawajaambiwa.

Anza na Filbert Bayi. Kazaliwa Karatu 1953. Februari 2, 1974 kule Christchurch, New Zealand, fainali ya mita 1500 ya michezo ya Jumuiya ya Madola, huyu bwana alitoka mbele bastola ilipolia na hakurudi nyuma tena. Watu wengi kwenye mbio za kati wanajificha nyuma wanasubiri mzunguko wa mwisho ndo wachomoke, yeye aliwaambia kwa miguu nifuateni kama mnaweza. John Walker wa New Zealand akamfukuza mpaka mwisho na hakumpata. Dakika 3 sekunde 32.16, rekodi ya dunia, na Walker mwenyewe aliyekuwa wa pili alikuwa ameshaipita rekodi ya zamani. Mwaka uliofuata Mei, Kingston Jamaica, Bayi akavunja na rekodi ya maili moja kwa dakika 3 sekunde 51.0. Ile ya 1500 ilikaa mpaka 1979 alipokuja Sebastian Coe.

Dunia nzima ilikuwa inasubiri Bayi na Walker wakutane tena Olimpiki ya Montreal 1976. Haikutokea. Timu ya ragbi ya New Zealand ilikuwa imeenda kucheza Afrika Kusini ya makaburu na nchi nyingi za Afrika zikagoma Olimpiki ile, Tanzania ikiwemo. Walker akachukua dhahabu. Ukikaa na wazee wa riadha hapa mjini hili jambo wanaliongea taratibu sana, wengi wanasema nchi ilifanya sawa, af wanakaa kimya kidogo.

Moscow 1980 Bayi akarudi, safari hii mbio za kuruka viunzi na maji mita 3000, akaongoza vilevile kwa mtindo wake, Malinowski wa Poland akampita mzunguko wa mwisho, Bayi akapata fedha. Suleiman Nyambui naye akapata fedha kwenye mita 5000 Olimpiki hiyohiyo. Medali za Olimpiki ambazo Tanzania imewahi kupata ni hizo mbili.

Kabla ya Bayi kuna John Stephen Akhwari wa Mbulu. Mexico City 1968, marathoni, alianguka akaumia goti, akafungwa bandeji akaendelea. Walioanza walikuwa 75 na waliomaliza 57, yeye wa 57. Mamo Wolde wa Ethiopia alikuwa ameshamaliza zaidi ya saa moja kabla, giza limeingia, watu wachache wamebaki uwanjani. Alipoulizwa kwa nini hakuacha akasema nchi yake haikumtuma maili elfu tano aende kuanza mbio, ilimtuma akamalize. Duniani huko wanafundishana hilo neno mashuleni. Nenda kaulize darasa la tano hapa mjini Akhwari ni nani uone wangapi watanyoosha mkono.

Kuna Gidamis Shahanga wa Hanang, dhahabu ya marathoni Jumuiya ya Madola Edmonton 1978 na dhahabu ya mita 10,000 Brisbane 1982. Kuna Christopher Isengwe, fedha ya marathoni mashindano ya dunia Helsinki 2005. Na kuna Alphonce Simbu ambaye Septemba 15, 2025 kule Tokyo alimaliza marathoni ya dunia sambamba na Mjerumani Amanal Petros, muda uleule kabisa saa 2 dakika 9 sekunde 48, ikabidi waangalie picha ya mstari wa kumalizia ndo wakajua Simbu kaweka kifua mbele. Dhahabu ya kwanza ya Tanzania kwenye mashindano ya dunia ya riadha. Siku hiyo Arusha watu walipiga honi.

Sasa Bayi wa Karatu, Akhwari wa Mbulu, Shahanga wa Hanang, Simbu wa Singida. Mbona mnawaita wa Arusha?

Swali zuri na ndugu zetu wa Manyara wanatuuliza kwa ukali kidogo, wana haki. Mkoa wa Manyara ulikatwa kutoka Arusha 2002. Kabla ya hapo Mbulu, Hanang, Babati, zote zilikuwa Mkoa wa Arusha, kwa hiyo Akhwari na Shahanga wakati wanakimbia walihesabika wa mkoa huu. Karatu mpaka leo iko Arusha. Simbu ni wa Singida na hatumchukui, ila mazoezi yake mengi kayafanyia huku kwetu kwenye baridi na milima, na ukiamka saa 12 asubuhi ukaenda barabara ya Ngaramtoni utaelewa kwa nini, utawapita vijana wamejipanga mstari wanapumua moshi. Mji uko juu, kama mita 1400 kutoka usawa wa bahari, hewa nyepesi, mwili unajifunza kutengeneza damu ya kutosha, ukishuka kukimbia kule chini unajiona mwepesi.

Sisi tunaandika kila mtu na kwao. Bayi ataandikwa Karatu, Akhwari ataandikwa Mbulu. Tukiwaita wa Arusha tunamaanisha huu mji ndo ulikuwa mlango wao wa kutokea, basi lililowaleta lilisimama hapa.

Sheikh Amri Abeid alikuwa mchezaji?

Hapana. Mtu anaingia uwanja wa Sheikh Amri Abeid hapa mjini miaka ishirini hajui jina lililoandikwa pale juu ni la nani, na mimi nilikuwa hivyohivyo mpaka nimekuwa mtu mzima. Sheikh Amri Abeid Kaluta alikuwa mshairi mkubwa wa Kiswahili, kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi kilitoka 1954 na mpaka leo ukitaka kujua vina na mizani unarudi kwake. Alikuwa meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam, baadaye waziri kwenye serikali ya Mwalimu, akafariki 1964 akiwa bado kijana. Uwanja wa mpira wenye jina la mshairi ni wangapi Afrika hii? Sisi tunaota siku moja ubeti wake mmoja uandikwe kwa rangi ukutani kwa nje, upande ule abiria wa stendi wanapita, watu wasome.

Uwanja mpya wa Olmoti ukishaanza kutumika, huu wa zamani utavunjwa?

Hatuna habari ya kuvunjwa na hatutaki kusambaza uvumi. Tunachojua ni kwamba Tanzania, Kenya na Uganda walipewa AFCON 2027 kwa pamoja mwezi Septemba 2023, na uwanja wa watu 30,000 ukaanza kujengwa kata ya Olmoti kwa ajili hiyo. Tunaufurahia, nani asiyetaka AFCON mlangoni kwake.

Ila ujue hili. Watu wengi wanadhani jengo likizeeka basi sheria inalilinda lenyewe tu. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya 1886, huo ni wakati Arusha mji haujawa mji. Kitu cha juzi kama uwanja wa mpira kinalindwa pale tu waziri anapokitangaza. Kwa hiyo kama tunaona Sheikh Amri Abeid ni urithi inabidi watu waseme, waandike barua, na waonyeshe ushahidi nini kilitokea pale. Ushahidi ndo hizi picha tunazoomba.

Na yaliyotokea pale ni mengi. Mikutano ya siasa, Mei Mosi, gwaride, michezo ya shule. Fainali ya kombe la shirikisho 2018 Mtibwa aliifunga Singida United 3-2 palepale. Julai 2, 2022 Yanga na Coastal Union 3-3, Abdul Sopu wa Coastal kafunga matatu peke yake na bado timu yake ikapoteza kwenye penalti. Nilikuwa jukwaa la jua. Mzee aliyekaa pembeni yangu alikuwa anashangilia Coastal, bao la tatu la Sopu alisimama akavua kofia akaishika kifuani.

AFC bado ipo? Na zile timu nyingine za zamani?

AFC, Arusha Football Club, ndo timu ambayo ukiitaja kwa mtu wa miaka hamsini uso unabadilika. Imewahi kucheza ligi kuu ikashuka, na miaka mingi imehangaika madaraja ya chini. Pallsons ilikuwepo miaka ya tisini. JKT Oljoro ilipanda ligi kuu msimu wa 2011/12 ikashuka 2014. Tangu hapo mji mkubwa hivi umekaa muda mrefu unaangalia ligi kuu kwenye vibanda umiza, na hilo linatuuma kweli.

Tunachotafuta sana kwa hizi timu ni orodha za wachezaji. Magazeti yaliandika matokeo na wafungaji basi. Nani alikuwa kipa wa akiba, nani alikuwa anafua jezi, kocha alikuwa analipwa nini, basi la kwenda Tanga waliazima kwa nani, hivyo vyote viko vichwani mwa watu au kwenye madaftari ya makatibu. Kama marehemu baba yako alikuwa katibu wa klabu yoyote, hata ya mchangani, usichome madaftari. Tunakuomba.

Nina picha za zamani, nizitunzeje?

Kwanza usizilaminishe. Najua vijana wa stationery watakwambia laminesheni inatunza, ule moto na ile gundi vinaingia kwenye picha na hutoi tena milele. Usibandike kwa selotepu. Zile albamu za karatasi yenye gundi na nailoni juu zilizokuwa fasheni miaka ya themanini na tisini zinakula picha taratibu, kama picha inatoka bila kulazimisha itoe, kama imegoma iache usiikwangue, ipige picha hapohapo ilipo.

Jina andika nyuma kwa penseli laini, pembeni, bila kukandamiza. Kalamu ya wino inatokea upande wa pili, nimeona uso wa mtu umepigwa mstari na jina lake mwenyewe.

Weka kwenye bahasha ya karatasi ndani ya boksi, juu ya kabati usiweke kama bati liko karibu mana joto la mchana linaziua, na chini sakafuni usiweke kwa sababu masika huku kwetu unyevu unapanda ukutani. Vile vipakiti vidogo vya kukausha unavyokuta kwenye boksi la viatu usitupe, weka humo.

Na negative, ule mkanda wa filamu uliotoka kwenye kamera! Watu wanatupa negative wanabaki na picha iliyopauka. Negative ndo picha yenyewe, ile nyingine ni kopi. Kama kuna ndugu yako alikuwa na studio ya picha mjini hapa na amefunga, tafadhali mtutafute kabla hamjasafisha chumba.

Naweza kuzituma kwa simu?

Ndio, ila fuata haya. Toa picha nje kivulini au dirishani, jua lisipige moja kwa moja, zima flashi, simu iwe sambamba na picha isiwe ya kuinama, usiweke filta, usikate pembe. Halafu ukituma WhatsApp itume kama dokumenti, ukituma kama picha ya kawaida inabanwa inapoteza ubora na sura za mstari wa nyuma zinakuwa madoa. Na piga picha ya nyuma pia, hata kama unaona hakuna kitu, mihuri ya studio inatusaidia kujua mwaka.

Sisi wenyewe tukiskani tunatumia dpi 600 kwa picha ya kawaida. Kopi tunaweka tatu, mbili kwenye diski tofauti na moja mkoa mwingine kabisa, mana moto ukitokea hauchagui.

Jezi na medali je?

Jezi usiiloweke Jiki, usiianike juani. Ikunje kidogo, uiviringishe kwenye kitambaa cheupe cha marekani kilichofuliwa, na kila baada ya miezi ubadilishe inapokunjwa ili isikatike mstari mmoja. Doa la tope liache, huenda ni tope la mechi. Medali msizisugue kwa majivu wala dawa ya kung'arisha, zile herufi zinafutika.

Kanda za video na kaseti?

Hizi ndo za haraka kuliko vyote. VHS na kaseti zinaandikwa kwa sumaku na ile sumaku inachoka, picha iliyorekodiwa mwaka 1992 haitakusubiri. Kama unaona unga mweupe ndani ni ukungu, usiiweke kwenye deki, utaua kanda na deki. Zisimamishe wima kama vitabu, mbali na spika. Tunayo deki moja inayofanya kazi, tunaihofia kama yai.

Kwa nini msiweke tu Facebook ikaisha?

Tunaweka, watu wanatoa majina kwenye komenti mpaka raha, kuna mtu yuko Canada alimtambua kaka yake. Lakini picha ikiwekwa kule inabanwa, akaunti ikifungiwa au mwenye simu akifariki imeondoka. Iwekwe kule kwa ajili ya watu kuiona, asili itunzwe kwingine.

Mnanunua medali? Kuna mtu anataka kunipa hela.

Hatununui na hatutanunua. Tumeona familia zimegombana. Kama una shida ya hela hatuna haki ya kukuhukumu, ila kabla hujauza tuite tuipige picha mbele na nyuma na tuandike ilipatikanaje.

Haki ya picha ni ya nani?

Kwa kawaida aliyepiga ndo mwenye hakimiliki, aliyeko kwenye picha ana heshima yake, na wewe unayeishika una karatasi. Kwa hiyo tunauliza picha ilipigwa na nani, tukimjua tunamtafuta. Ukitupa kopi unasaini karatasi moja ya Kiswahili cha kawaida ukichagua: iwekwe hadharani, au itunzwe tu, au itolewe baada ya miaka uliyosema. Ukibadilisha mawazo kesho tunaitoa, hatubishani.

Nataka kumrekodi babu yangu, naanzaje?

Msalimie vizuri, kaa chini, usitoe simu mapema. Mwambie unataka kumrekodi na umuulize anakubali, na jibu lake lirekodiwe pia. Zima TV. Angalia kuku na mashine ya kusaga ya jirani, sauti ya mashine inameza maneno yote.

Beba picha, hata isiyo yake. Ukimuuliza mzee "niambie historia yako ya michezo" atakupa hotuba fupi kama ya ofisini, anasema tulicheza kwa moyo siku hizi hakuna moyo, imeisha. Ukimuonyesha picha ya uwanja akauona mti fulani, hapo utasikia kumbe walikuwa wanaficha nauli chini ya ule mti. Muulize vitu vya kushika. Viatu alipata wapi? Alikula nini asubuhi ya mechi? Baba yake alisemaje? Tulimuuliza mzee mmoja mkimbiaji swali la viatu, akasimama akaenda ndani akarudi na kiatu kimoja, cha kulia, cha kushoto alimpa mwenzake aliyekuwa na mguu unaolingana wagawane mazoezi kila mtu achakaze kwa zamu. Mpaka leo nikiona watu wanabishana kuhusu bei ya raba nakumbuka kile kiatu.

Usimsahihishe. Akisema 1971 na wewe unajua ni 1973, acha, andika pembeni. Lisaa limoja linatosha, ukimchosha hatakubali tena. Mwisho muulize, nani mwingine yupo hai nimwone? Na akitaka kuongea Kimeru, Kiarusha, Kiiraqw au Kichaga mwache aongee, tafsiri tutatafuta, mtu anacheka vizuri kwa lugha yake.

Mbona wanawake hawaonekani?

Wapo, sisi ndo tumechelewa kuwatafuta. Theresia Dismas alirusha mkuki akapata fedha michezo ya Afrika Brazzaville 1965, miaka mitatu kabla ya Akhwari kwenda Mexico. Magdalena Shauri alikuwa wa tatu Berlin 2023 kwa saa 2 dakika 18 sekunde 41. Na hapa mjini timu za netiboli za viwandani, maofisini na mashuleni zilikuwa nyingi sana, Mei Mosi ndo ulikuwa unawaona.

Shida yetu moja ambayo hatukuitegemea ni majina. Nyuma ya picha imeandikwa jina la usichana, mtaani leo hakuna anayelijua, anaitwa Mama Neema au bibi wa dukani. Unaulizia mtaa mzima GA, yaani mfungaji wa netiboli, wa mwaka fulani unaambiwa hayupo, kumbe ndo aliyekuuzia vitunguu. Kwa hiyo kama mama yako aliwahi kucheza, tuandikie majina yote mawili, la zamani na analoitwa sasa.

Nje ya mpira na riadha mnachukua?

Tunachukua. Gofu ya Gymkhana, ragbi ya Arusha Rhinos, ngumi, baiskeli. Safari Rally ilipoanza 1953 ilikuwa inapita Kenya, Uganda na Tanganyika, kuna wazee wanakumbuka kukaa barabarani na vumbi. Bao la kete tunalichukua kwa mikono miwili, mashimo 32 kete 64, na wazee wanaojua namua na mtaji, zile hatua mbili za mchezo, sawasawa wanapungua kila mwaka.

Chandimu nayo ni urithi?

Sana tu. Hakuna aliyeanza na mpira wa ngozi. Mpira wa chandimu Arusha ulifungwa kwa mifuko ya rambo na kamba ya katani au mpira wa tairi, magoli ni ndala mbili, na mwenye mpira akiitwa nyumbani mechi imeisha. Mifuko ya plastiki ikapigwa marufuku Juni 2019, kitu kizuri kwa mazingira, ila mtoto wa sasa ukimwambia mpira wa rambo hajui unaongelea nini. Tuna mipira mitatu tuliyofungiwa na watu wazima kwa mkono wakati tunawarekodi, na nilishangaa vidole vyao havijasahau.

Sisi wa Moshi mnatupokea?

Karibuni. Uwanja wa Ushirika, Kilimanjaro Marathon ambayo inakimbiwa hapo tangu 2003, wapagazi na waongozaji wa mlima, vyote vinastahili. Ila ushauri wetu anzisheni ya kwenu hukohuko, mtu wa Majengo Moshi ataongea vizuri zaidi na mtu wa Majengo Moshi. Fomu zetu na maelekezo tutawapa bure.

Mmewahi kupoteza kitu?

Ndio. Kuna ofisi moja, sitaitaja, ilikuwa na makabati mawili ya picha na vyeti vya mashindano ya mkoa. Tuliomba kwa barua, tukaambiwa tusubiri, tukasubiri. Walipohamia jengo jingine makabati yakauzwa na vilivyomo vikaenda dampo. Tulipata bahasha moja tu aliyookoa mlinzi, picha tisa za UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, watoto wamebeba bango la Arusha. Tulimpelekea yule mlinzi kilo mbili za sukari na kopi ya picha, akaibandika ukutani kwake. Tangu hapo hatuandiki barua tukakaa, tunakwenda wenyewe tunarudi na kurudi.

Mnapatikana lini?

Jumamosi saa 3 asubuhi mpaka saa 7 mchana, upande wa Kaloleni karibu na uwanja, meza yenye kitambaa cha bluu. Mvua ikinyesha tunahamia kibarazani. Kama una mgonjwa au mzee asiyeweza kutembea tuambie tutakuja nyumbani, siku yoyote. Na zile sura saba za picha ya baba mdogo tumezikuza, ziko mezani, pita uziangalie.